Sura ya Saba: Gari Chongo

Gari lililobaki na taa moja mbele tunaliita chongo. Ukikutana nalo mchana ni kichekesho. Ukikutana nalo saa nne usiku kati ya Chalinze na Segera, kicheko kinakauka. Unaona mwanga mmoja unakuja, unajiambia hiyo ni bodaboda inayojiendea pembeni, unaiachia nafasi ya bodaboda, na sekunde chache baadaye bodaboda imegeuka lori lenye tela, na taa iliyokufa ndiyo ile ya upande wako.

Mimi pia nimewahi kuwa chongo. Mara tatu ndani ya miezi minne, na kila mara ni jicho lile lile la kushoto. Mara ya kwanza nilisema globu imezeeka, ilikuja na gari kutoka Japani. Mara ya pili nikamlaumu muuza spea. Mara ya tatu nilikwenda kwa fundi umeme ninayemtumia siku zote, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini nyuma ya soko, nikiwa na haraka zangu: anifungie globu, nimlipe, niondoke.

"Ile iliyoungua iko wapi?" akaniuliza.

"Ipo kwenye mlango wa gari. Ya nini tena?"

"Ilete kwanza, mzee."

Akaishika kwenye kitako, akaielekeza juani, akaizungusha taratibu kama mama anayekagua yai kabla ya kulilipia. "Zinaungua zote mbili au upande mmoja?"

"Kushoto tu."

"Nani anazifunga?"

"Mimi mwenyewe."

Akatabasamu, akaiweka globu juu ya betri kuukuu, akarudi kwenye gari lililonitangulia. "Subiri hapo kwenye benchi." Nilisubiri saa moja na nusu. Kwa kuwa fundi huyu hawezi kufanya kazi bila kuongea, sehemu kubwa ya sura hii ilianzia kwenye benchi lile.

Tuanze na globu yenyewe. Ndani yake kuna uzi wa madini ya tungsteni, umesokotwa kama springi ndogo sana. Taa ikiwaka, uzi huo unafikia karibu nyuzi 2,900 za sentigredi. Chuma huyeyuka kikifika 1,538, kwa hiyo kingeshakuwa uji kitambo. Tungsteni inavumilia mpaka 3,422, ila kwa joto hilo haitulii: inajivukiza kidogo kidogo, kama maji ya ndoo yanavyopungua juani. Kwenye globu za zamani mvuke huo uliganda ndani ya kioo, kioo kikawa cheusi, taa ikafifia, na mwisho uzi ukakatika.

Mwaka 1959, Elmer Fridrich na Emmett Wiley wa kampuni ya General Electric ya Marekani walipata hataza ya ujanja mzuri. Ndani ya kioo kidogo cha kwatzi waliweka gesi yenye iodini kidogo. Iodini ni ndugu wa klorini na bromini katika ukoo wa halojeni, na ndipo globu hizi zilipopata jina. Mvuke wa tungsteni ukifika karibu na kioo unanaswa na halojeni. Badala ya kuganda, unazungushwa na gesi mpaka kwenye uzi wenye moto mkali, unaachiwa hapo, na halojeni inarudi kubeba mzigo mwingine. Mwaka 1962 globu ya kwanza ya namna hiyo kwa ajili ya magari, H1, ikaingia sokoni Ulaya, na mwaka 1971 ikafuata H4, yenye nyuzi mbili, fulu na dimu, kwenye kioo kimoja. Ukifungua boneti ya gari dogo la Kijapani la miaka ya nyuma, mara nyingi utaikuta hiyo H4 yenye miguu mitatu nyuma.

Ungedhani kwa mpango huo globu ingeishi milele. Haiishi, na sababu yake nilipoielewa ilinikaa kichwani. Halojeni hurudisha tungsteni kwenye uzi, lakini hairudishi pale ilipotoka. Sehemu iliyokonda kidogo ndiyo yenye joto kuliko nyingine, kwa hiyo ndiyo inayojivukiza zaidi, na kilichochukuliwa hapo kinakwenda kunenepesha kwingine. Aliyekonda anazidi kukonda. Siku moja unawasha taa asubuhi, uzi ukiwa baridi. Uzi baridi hupitisha umeme mara kumi au zaidi ya ule wa kawaida kwa chembe ya sekunde, na pale palipokonda panakatika. Ndiyo maana watu husema "jana usiku ilikuwa inawaka vizuri kabisa."

Kabla hujalalamika kwamba globu imekufa mapema, jiulize mapema ni lini. Globu ya kawaida ya halojeni hutengenezwa iishi saa mia kadhaa mpaka elfu moja hivi, kutegemea aina. Tuseme saa 600. Mtu anayetoka ofisini na kuwasha taa saa mbili kwa siku atakaa nayo karibu mwaka mzima. Dereva wa daladala anayeanza saa kumi na moja alfajiri na kulaza gari saa tano usiku anawasha taa karibu saa sita kila siku. Kwake saa 600 ni siku 100. Akija kulalamika kwamba globu imedumu miezi mitatu tu, fundi mwaminifu atamwambia imemaliza kazi yake. Zile zenye maandishi ya kuahidi mwanga mweupe na mkali zaidi kwa asilimia kadhaa hufa upesi zaidi, kwa kuwa mwanga huo wa ziada umepatikana kwa kuuchemsha uzi zaidi. Nazipenda nikisafiri usiku, lakini sizinunui nikitegemea zidumu.

Sasa lile swali la fundi: zote mbili, au upande mmoja? Nadhani ni swali lenye thamani kuliko mita yake. Globu zikifa zote mbili kwa kupishana siku chache, kisha mpya nazo zikafuata, tafuta tatizo kwenye umeme unaozilisha zote. Anayekufa peke yake ameuawa na kitu kilicho karibu naye.

Umeme kwanza. Globu tunayoiita ya volti 12 hupimwa na watengenezaji kwa volti 13.2, na hapo ndipo hesabu ya maisha yake huanzia. Ukiongeza volti, mwanga unaongezeka na maisha yanakatika, ila haviendi sambamba. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya globu yanapungua karibu nusu. Zikifika 14.4 pale kwenye soketi, inabaki karibu theluthi. Zikifika 15, ile ya saa 600 inabakiwa na saa mia na kitu. Kwenye gari zima, ukipima betri injini ikiunguruma, utasoma kati ya 13.8 na 14.5, na waya hula kidogo njiani kabla umeme haujafika kwenye taa, kwa hiyo globu inapata nafuu. Mita ikikuonyesha zaidi ya 15, regyuleta ya altaneta imeacha kazi. Hapo hata ungenunua globu iliyobarikiwa, itaungua, na betri nayo itachemka maji mpaka ikauke. Fundi aliniambia kuna wateja wanaobadilisha globu kila mwezi na kuongeza maji ya betri kila wiki, na hawajawahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Betri mbovu na temino zilizolegea ni njama moja. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta, kama simtanki la juu ya nyumba linavyotuliza maji ya pampu. Temino ikiwa imeota unga mweupe au wa kijani na inacheza ukiishika, kila shimo barabarani linakata na kuunga, na volti zinarukaruka. Isafishe kwa maji ya moto na brashi, ikaze, paka grisi. Ni kazi ya dakika kumi.

Na hapa niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya mafundi. Iko tabia ya kuchomoa temino ya betri injini ikiwa inaunguruma, eti kuona kama altaneta inachaji: gari lisipozima, altaneta nzima. Kwenye magari ya kale yenye dainamo pengine ilikuwa na maana. Kwenye gari la leo, ukimnyang'anya altaneta betri yake ghafla akiwa kazini, volti zinaweza kuruka kwa kufumba na kufumbua hadi makumi. Ikiungua globu tu, shukuru, maana kompyuta ya gari nayo iko kwenye waya hizo hizo. Mita ya bei nafuu inatoa jibu lile lile bila kuchomoa kitu. Fundi akisogelea betri yako na spana huku gari likiwaka, mzuie kwa adabu.

Waendesha bodaboda wanaijua habari hii kwa njia yao. Pikipiki nyingi ndogo huilisha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, na kinachozuia umeme usipande na resi ni regyuleta peke yake. Ikifa, taa inawaka sana ukivuta mafuta, inafifia ukiachia, na usiku wa tatu inakwenda. Wengine huishi kwa kununua globu mpya kila mara, kwa kuwa globu ni bei ya chai na regyuleta ni bei ya kazi ya siku nzima. Kwa mtu anayehesabu fedha kila jioni, siwezi kumwita mjinga.

Sasa upande mmoja. Uzi wa tungsteni ukiwa na moto ni laini, na baada ya kuwaka muda mrefu huwa mkavu na mwepesi kuvunjika ukipoa. Barabara zetu zinalijua hilo. Siyo mashimo peke yake: zile rasta tano tano kabla ya kila kijiji zinautikisa uzi kwa kasi ambayo tuta moja kubwa haliwezi. Gari zima huvumilia. Tatizo ni pale globu inapocheza ndani ya nyumba yake kwa sababu kile kiwaya cha kuibana kimepotea, au pale taa nzima inapotikisika kwa kuwa gari liligongwa, masikio ya taa yakakatika, na fundi bodi akayafunga kwa waya wa kufungia nyaya. Ishike taa kwa mkono, uitikise. Ikicheza, kila rasta inahesabu siku za globu yako.

Halafu maji. Kioo cha globu lazima kizidi nyuzi 250 ndiyo ule mzunguko wa halojeni ufanye kazi, na mara nyingi kinazidi sana. Maji baridi juu ya kioo chenye joto hilo yanaweza kukipasua. Maji huingia kwenye ufa wa kioo cha mbele, kwenye gundi iliyoachia pembeni, na zaidi ya yote huingia nyuma, pale mpira unapokosekana. H4 ina mpira mweusi wa duara unaovalishwa juu ya miguu yake kabla ya kuchomeka soketi. Mpira huo haung'ai, haufanyi chochote cha kuonekana, na ni wa kwanza kupotea. Baada ya hapo kila ukienda kuosha gari, yule kijana mwenye bomba la presha anajaza bakuli la taa mvuke na vumbi, rangi ya fedha ya ndani inabanduka, na mwanga unakuwa kama wa kibatari hata globu ikiwa mpya.

Na vidole. Jasho lina mafuta na lina chumvi. Ukishika kioo cha kwatzi kwa vidole vitupu, alama yako inabaki, na taa ikiwaka alama hiyo inapikwa. Chumvi inakifanya kwatzi kibadilike pale pale: kinapoteza uangavu, kinakuwa cheupe kama jicho lenye mtoto wa jicho, kinashika joto kuliko sehemu nyingine. Ndani ya globu kuna gesi yenye shinikizo kubwa, na mahali palipolainika panaweza kuvimba au kupasuka. Dawa yake ni ndogo hata inaudhi: shika kitako, au tumia kitambaa safi. Ukisahau ukagusa, futa kwa spiriti na uache ikauke kabla hujawasha.

Kuna mtego mwingine, na huu unanasa watu wenye busara zao. Taa zimefifia, dereva anakwenda dukani kuomba globu yenye nguvu. Anauziwa ya wati 100. H4 halali ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Globu mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9. Mbili za wati 100 zinavuta karibu 17, kupitia waya zile zile, na kwenye magari mengi ya zamani kupitia swichi ile ile ya kwenye usukani. Wiki ya kwanza ni furaha. Mwezi wa pili soketi imekuwa ya kahawia na inanuka plastiki, miguu ya globu imelegea ndani yake, cheche zinaruka, na globu zinakufa kwa kukatiwa na kuungiwa umeme. Gari lililohitaji waya wa athi uliokwanguliwa kutu na kukazwa sasa linahitaji soketi mbili na swichi.

Kufifia kwenyewe kuna hesabu yake. Globu iliyotakiwa kupata 13.2 ikipata 12, inapoteza zaidi ya robo ya mwanga. Haifi mapema kwa hilo. Kinyume chake inaishi zaidi, ikiwa dhaifu. Washa injini na taa, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa umeme pale nyuma ya globu. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya au viungio vinakula umeme wako. Rudia upande wa athi, kutoka kwenye globu hadi hasi ya betri. Fundi mwenye rilei mbili na waya mnene atakupa mwanga ambao wati 100 hazikukupa. Kuhusu zile taa za LED za kuchomeka mahali pa H4, nitasema moja tu: bakuli la taa lilichorwa kwa ajili ya uzi uliokaa mahali fulani kwa milimita, na nyingi ya hizo zinatupa mwanga ovyo kwenye macho ya anayekuja.

Fundi alipomaliza gari lililonitangulia alichukua kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya benchi. Lilijaa globu zilizokufa. Akazipanga juu ya boneti yangu moja moja. Hii kioo chake ni cheupe safi na uzi umekatika kwa ncha kali: imetikiswa. Hii ncha za uzi zina vitone vya duara, kama shanga, ziliyeyuka: umeme mwingi. Hii ndani ina moshi mweusi wa kijivu: uzee, au imeishi maisha yake yote kwa umeme haba, kioo hakikupata joto la kuzungusha ile gesi. Hii ndani imepakaa unga mweupe wa njano: hewa imeingia, kioo kina ufa, na ufa huenda umeletwa na maji. Nikamuuliza kwa nini duka liliniambia nibadilishe zote mbili kwa pamoja. Akasema si ushauri mbaya, zimezaliwa siku moja na zitakufa karibu siku moja. Lakini ningefanya hivyo mwanzoni, kulia nako kungeanza kufa, na yeye angepoteza siku nzima akichunguza altaneta isiyo na kosa.

Kisha akaweka ya kwangu mwishoni mwa mstari.

Ilikuwa na ule unga mweupe wa njano. Pembeni ya kioo palikuwa na doa la maziwa lililovimba kidogo, na ukubwa wake, sikuhitaji kuambiwa, ulikuwa wa kidole gumba. Nilikumbuka usiku wenyewe: kituo cha mafuta, manyunyu ya mvua, chipsi mayai nilizozila bila uma, tochi ya simu mdomoni.

"Na mpira wake?" akauliza akiwa ameinama nyuma ya taa.

Nikamwambia lilipoletwa gari halikuwa na mpira. Hakubisha. Alinifungia globu kwa kitambaa, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakivalisha kwa muda, akanielekeza duka la kununua mpira wa kweli.

Siku ya Jumapili nilinyanyua tairi la spea kuosha buti. Mpira ulikuwa chini yake, mweusi, mzima, na buibui alikuwa ameshaufanya nyumba.